Bakuli la Kidakani

"Elfu themanini kwa bakuli hili?" Bwana Tawfiki alifoka katikati ya ukumbi wa Bi Mwanamkuu. "Tulipatana sijalitazama vizuri. Hili ni la juzijuzi, la dukani. Nakupa elfu mbili, tena kwa huruma tu."

Tawfiki alipenda kupamba nyumba yake kwa vyombo vya kale vya Kichina, na bakuli lile la kijani, lililokaa kidakani, kwenye kishimo cha ukutani, tangu enzi za nyanya wa Bi Mwanamkuu, lilimkosesha usingizi. Lakini alijua kuwa paa la bibi linavuja, na fundi Athmani alikwisha kufika mlangoni akingoja malipo; bibi angekubali bei yoyote.

"La dukani, baba?" Bi Mwanamkuu aliuliza kwa upole. "Kumbe miaka yote hii napangusa takataka!"

Akalichukua, akaingia nalo jikoni. Akatoka na furushi la leso mkono mmoja, na mchi mkono wa pili.

"Bibi, wafanyaje?" Tawfiki aliuliza.

"Natoa taka nyumbani."

Mchi ukashuka. Ndani ya leso kukasikika kacha!

"Una wazimu wewe!" Tawfiki alipiga magoti, kajishika kichwa. "Lile lina miaka mia nne! Ningelipa hata laki mbili!"

"Fundi, umesikia?"

"Laki mbili, bibi. Nimesikia."

Bi Mwanamkuu akaikunjua leso. Mlikuwa na vipande vya sahani ya maua, yenye chapa ya kiwanda. Akarudi jikoni, akatoka na bakuli la kijani, zima.

"Laki mbili, baba. Fundi anangoja."