Barafu Iliyopelekwa Mlimani

Wapendwa, najua miili iko hapa lakini akili za wengi wenu ziko kwenye mizigo. Wiki ijayo nusu ya kanisa hili itakuwa barabarani, inapanda nyumbani kula Krismasi, na mimi nitabaki kuhubiria viti. Basi kabla hamjaondoka niwape kisa cha mama mmoja. Hayupo hapa, acheni kugeukageuka.

Kulikuwa na mama mmoja hapa mjini, ameolewa kwetu kule mlimani. Mume wake kila Desemba anapanda nyumbani kama ninyi. Yeye hapandi. Miaka minne alikuwa hajakanyaga kwa mama mkwe wake, na kila mwaka ana sababu mpya. Mara kazi, mara mguu, mara kuku wake hawana wa kuwaangalia. Mnacheka, lakini wako humu ndani watu ambao kuku wao ni hao hao.

Sababu yenyewe ilikuwa mtori, ule uji wetu mzito wa ndizi na nyama. Alipojifungua mtoto wa pili alipelekwa kwa mama mkwe akalelewe uzazi. Mnaujua uzazi wa kwetu. Asubuhi unaletewa mtori, mchana unaletewa mtori, jioni ukisikia mlango unagongwa huulizi ni nani, ni mtori. Wiki ya tano yule mama wa mjini, binti wa watu, akashindwa. Akatoka na bakuli kwa mlango wa nyuma, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaumwaga wote chini ya mgomba. Kuinua macho, mama mkwe amesimama pale kati ya migomba na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anamtazama.

  Binti akarudi ndani na bakuli tupu, na yule mama akaenda kulisha ng'ombe wake. Sasa fikirini, yule mama alikuwa anaamka kabla hakujapambazuka kumenya ndizi zile, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuwa myeusi kwa utomvu. Baada ya wiki binti akarudi mjini, na tangu hapo salamu za mkwe na mkwe zikawa zinapitia kwa mume, anazibeba kwenda na kurudi kama tarishi.

Mwaka huo wa nne mama mkwe akampigia mwanawe simu. Akamwambia, "Mke wako aje. Mimi siku zangu zinakwenda mbele tu, hazirudi nyuma."

Binti aliposikia hivyo usingizi ukamruka. Akamuuliza mumewe, "Nikifika nitamwambia nini?"

Mume akasema, "Mwambie nisamehe mama."

"Hivi hivi tu? Na mikono mitupu?"

Wapendwa, hapo ndipo alipopotea. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni, yeye akaenda kulitafutia mapambo.

Akaingia kwenye simu. Na simu, mnaijua, ukiiuliza njia ya kwenda kwa mama mkwe itakuonyesha wazungu wanatengeneza barafu. Akaona vipande vya barafu vina matunda ndani, vina majani, vina maua, unavitia kwenye glasi ya sikukuu mtu anashindwa kunywa kwa uzuri. Akasema, hii ndiyo. Mama akiiona hii, mambo ya mtori yamekwisha.

Akaianza kazi wiki mbili kabla. Maji anayachemsha mara mbili ili barafu itoke angavu kama kioo. Anapanga kwenye trei punje za komamanga, kipande chembamba cha ndimu, jani la mnanaa, jani la mrehani, ua dogo la waridi. Kwanza anatia maji kidogo, anagandisha, ili tunda lisielee. Halafu anajazia, anagandisha tena. Trei ya kwanza umeme ukakatika, akaamkia bwawa lenye majani. Akaanza upya. Samaki wakatolewa kwenye friza wakapelekwa kwa jirani. Watoto wakakatazwa kufungua mlango wa friza, wakanywa maji ya moto wiki mbili Dar es Salaam, Desemba.

Mume akavumilia, mwishoni akasema, "Mke wangu, lakini kule juu watu wanavaa sweta."

Akajibiwa, "Wewe hujui mambo ya wanawake."

Na ni kweli hakuyajua. Lakini ya baridi aliyajua, amezaliwa nayo.

Siku ya safari barafu ikawekwa kwenye deli, lile boksi la wauza aiskrimu, likafungiwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, likafunikwa blanketi. Watoto wakabanana pembeni. Njiani askari wa barabarani akawasimamisha, akafunua blanketi, akauliza, "Hili lina nini?"

"Barafu, afande."

"Mnaipeleka wapi?"

"Kilimanjaro."

Askari akawatazama. Akautazama mlima, maana siku hiyo ulikuwa umejifunua mpaka kileleni, mweupe pe. Akawatazama tena. Akasema, "Mama, mbona kule wanayo?" Akawaruhusu wapite bila kuomba hata leseni. Nadhani aliwahurumia.

Wakafika. Manyunyu yanaanguka, ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa. Ukoo umekaa sebuleni, mashemeji na mawifi wamejikunyata kwenye makoti, shangazi amejifunga vitenge viwili. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake. Binti akasalimia akipiga goti, akaitikiwa, "Karibu, mkwe." Mkwe. Zamani alikuwa anaitwa mwanangu. Lile neno likamchoma, na alichokifanya ni kukimbilia jikoni kwenye deli lake.

Akatoka na sinia. Glasi ndefu, soda nyeupe, na ndani yake barafu zile. Jamani, zilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Akampa mama mkwe ya kwanza kwa mikono miwili. Mama mkwe akaipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mbele, akaizungusha, akaitazama nyuma. 

"Mkwe, haya majani ni ya nini?"

"Ni urembo, mama."

"Urembo wa tumboni?"

Shemeji mmoja akakohoa.

"Na hivi vyekundu?"

"Komamanga, mama."

"Na hili ni ua."

"Ndiyo mama, waridi."

Mama mkwe akauliza polepole, "Umeonja?"

Sasa ninyi wa kwetu mmeshajua. Kwa wale wa kwingine niwaeleze. Kwetu, anayempa mtu kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo anampa mgeni au mkubwa wake. Hata kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, haipokelewi kabla mwenye nyumba hajapiga funda. Wazee wa kanisa msiniandike, nasema tu desturi. Maana yake ni kwamba kilichomo humu kwangu kimeshapita, hakina ubaya kwako.

Na binti huyu, mwenye ugomvi wa miaka minne, amemletea mama mkwe glasi yenye majani na maua yaliyogandishwa, na kinywani mwake halijapita hata tone. Unadhani akajibu nini?

Akasema, "Mama, nikionja nitaharibu mpangilio."

Glasi zikaanza kuwekwa chini. Moja, ya pili, ya tatu. Kila mtu alikuwa anawaza kitu kimoja na mnakijua. Shangazi akamvuta mjukuu wake kwa kola. Yule shemeji wa kukohoa alikuwa ameshatia kipande mdomoni, akakitoa kwa adabu, akakirudisha kwenye glasi, akajifuta.

Mama mkwe akaweka yake kwenye stuli. "Nitakunywa baadaye," akasema.

Huku mjini lingekuwa jambo la dakika kumi, barafu ingeyeyuka aibu ikaisha. Kule juu barafu haina haraka. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, glasi kumi na moja zimekaa sebuleni na maua yake yamechanua, hakuna anayezigusa, na watu wanaongea habari za bei ya kahawa huku wanazizunguka kwa miguu. Binti akaenda jikoni, akakaa mbele ya moto, akalia. Alilia kwa kwikwi, kama mtoto aliyepigwa. Wiki mbili za kazi, na sasa ukoo mzima unamdhania mchawi.

Mama mkwe akamfuata, ameishika ile glasi. Akavuta kigoda, akakaa. Akamwambia, "Nilikuita kutoka huko kote nisikie neno moja. Wewe umeniletea bustani."

Binti akajifuta pua kwa kanga. Hakuwa na pambo lolote tena, yote yalikuwa sebuleni yanakataliwa. Akasema, "Mama, nilimwaga mtori wako."

"Najua. Nilikuona."

"Nilikuwa nimechoka nao. Nikaona aibu kukuambia. Halafu nikaona aibu kwa kuwa uliniona. Nisamehe mama."

Ilichukua muda gani, wapendwa? Hamkumaliza hata kuvuta pumzi. Miaka minne, deli, mkanda, askari, na jambo lenyewe lilikuwa la pumzi moja.

Mama mkwe akatazama moto. Akasema, "Mimi nilidhani umenidharau mimi. Kama ni mtori tu, mbona hata mimi niliuchoka kwa mama mkwe wangu? Ungeniambia ningekupikia wali." Na yeye akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi.

Binti akaichukua ile glasi mkononi mwa mama mkwe, akapiga funda kubwa, jani la mnanaa likanasa kwenye meno ya mbele. Akaitoa kwa mikono miwili. Mama mkwe akanywa. Akafumba macho, akatetemeka kuanzia mabegani mpaka miguuni.

"Ni tamu, mwanangu," akasema. "Lakini baridi yote hii ya nini?"

Akainuka, akashika sufuria kubwa, akaimimina glasi yake humo. Akaenda sebuleni akakusanya zile nyingine. Akamalizia na deli zima, akaweka jikoni, akachochea kuni. Ndimu, mnanaa, mrehani, waridi, vyote vikachemka pamoja, mama mkwe akatia sukari. Ukoo ukanywa kwenye vikombe vya chai, moto moto, na yule shemeji wa kukohoa akaomba cha pili, akasema tangu azaliwe hajanywa chai nzuri namna ile.

Nimewachekesha. Sasa nisikilizeni.

Sisi ni watu wa ajabu. Tunaweza kusafirisha barafu kilomita mia tano, lakini hatuwezi kusafirisha neno moja kutoka moyoni mpaka mdomoni. Wewe baba, ulimtukana mdogo wako, na badala ya kumwambia nimekosa unampelekea kitenge cha mkewe. Wewe mama, ulimsingizia jirani, na sasa unamsalimia kwa sauti tamu kuliko kawaida mpaka yeye mwenyewe anaogopa. Wiki ijayo mtapanda na magunia ya zawadi. Hivi ni zawadi zote hizo, au nyingine ni maneno mliyoyagandisha? Mtu uliyemuumiza anaiangalia zawadi yako anaizungusha, anajiuliza, huyu ametia nini humu? Unamwona hana shukrani. Hana shukrani, au anasubiri kitu kingine?

Nanyi mnaitikia kwa vichwa, mnafikiri mchungaji leo amewapata wenzenu. Na mimi je?

Mwezi wa sita, mbele ya baraza la wazee, nilisema mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Elirehema, aliichelewesha kwaya kwa makusudi ili aniaibishe siku alipokuja mgeni wetu. Mwalimu akainama. Jioni ile ile nikaangalia daftari langu, nikaona ni mimi niliyempa saa isiyo sahihi. Nikafunga daftari. Tangu siku hiyo nimempelekea kuku wawili na mkungu wa ndizi, na kila Jumapili naisifu kwaya hapa mbele. Hata wiki ile sauti ya nne ilipopotea kabisa niliisifu, na niliwaona mkitazamana. Kuku hawakumwambia. Sifa hazikumwambia. Miezi sita ananishika mkono mlangoni, na macho yake yako kwenye viatu vyangu.

Sitawatuma mahali ambako mimi sijaenda. Kabla hatujatoa sadaka leo, kama yuko mtu humu ndani unayejua ulimkosea, inuka umfuate kwenye benchi lake, umwambie kwa neno lililo wazi. Kama yuko mbali, simu unayo. Wimbo usianze kwanza. Mpiga kinanda, toa mikono.

Mwalimu Elirehema, naona unataka kusimama. Kaa, ndugu yangu. Nakuja mimi hapo ulipo.