Kishindo cha Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipika, wakifua na kugombana na majirani kama sisi, timu ya Mbugani ilicheza mpira wa magongo. Nimesema ilicheza? Ilifungwa! Leo inafungwa, kesho inafungwa.

Na kufungwa kulikuwa na adhabu yake. Kiangazi kikifika, washindi wa mechi ya mwisho ndio waliotangulia kunywa bwawani. Fisi wa Ng'ambo walikuwa wakishinda, wanakunywa mpaka wanatosheka, kisha, bila haya, wanaoga humo humo! Mama Nguchiro alibaki kuchuja tope kwa kanga yake ili wanawe wapate walau funda moja. Mwanawe mkubwa, Nguchiro, aliona uchungu sana.

"Mama, mwaka huu nitacheza mimi. Utakunywa maji safi."

"Wewe? Gongo lenyewe limekuzidi urefu!"

Ni kweli lilimzidi. Lakini kila siku Nguchiro alikuwa akipiga matunguja kwa kijiti, akiyapenyeza kwenye tundu za kichuguu. Tii! Tii! Hakosi.

Tatizo lilikuwa Mwalimu Kiboko. Yeye alichagua washambuliaji kwa kishindo. Alilala kifudifudi, sikio ardhini, macho kayafumba, eti asije akapendelea mtu. Mwenye kishindo kikubwa ndiye aliyesimama mbele ya goli, na wenzake wote walilazimika kumpa mpira. Kwa hiyo Kifaru na Nyati walikuwa wakipokezana nafasi hiyo. Magongo waliyavunja tele, ila bao, hata la kuombea maji, hawakupata.

Ilipofika siku ya kuchagua timu ya mechi ya mwisho, Nguchiro alidamkia uwanjani na mzinga wa nyuki, mtupu, wa marehemu babu yake. Akaufukia kidogo kando ya uwanja, akautandazia nyasi juu.

Kifaru akakanyaga katikati ya uwanja. Gudu!

Nyati akakanyaga. Gudu-gudu!

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Nguchiro. "Na mimi nijaribu?"

"Marahaba. Jaribu, mwanangu, ardhi haina mwenyewe."

Nyati akacheka mpaka akapaliwa. "We mtoto, utakanyaga au utapapasa?"

Nguchiro akaruka, akatua juu ya mzinga kwa miguu yote minne. MBUUUM!

"Lo!" Kiboko akaruka, macho bado kayafumba. "Nani huyo? Tembo? Huyo ndiye mbele ya goli, basi!" Alipofumbua macho na kumwona, alishtuka, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Mechi ikaanza. Fisi walimwona Nguchiro wakaangua kicheko, "Hua-ha-haa!" Kicheko kiliwaishia pale Kifaru, amenuna, alipomsukumia mpira. Nguchiro akapita chini ya tumbo la beki wa kwanza, akamzunguka wa pili, akaupenyeza mpira kati ya miguu ya golikipa. Tii!

"Bao!" Mbugani nzima ikalipuka. Fisi hawakulirudisha mpaka filimbi ya mwisho.

Kwa furaha Kifaru akarukaruka kando ya uwanja. Mara, kraa! Mguu ukazama ardhini, ukatoka umevaa mzinga kama kiatu.

Kiboko akautazama mzinga, akamtazama Nguchiro. "Kumbe umenidanganya!"

"Nimekudanganya, Mwalimu, nisamehe. Kilichovuma ni mzinga mtupu; shabaha nimejifunzia kwenye tundu za kichuguu. Lakini hawa wakubwa zangu walipovuma mwaka mzima, wewe ulipata bao gani?"

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa nalipigia makofi! Kuanzia kesho wote, wakubwa kwa watoto, tutapimana kwenye kichuguu."

Huko Kifaru hakupitisha hata tunguja moja. Wakampeleka golini, na kwa kuwa analijaza goli lote, mpaka leo haijulikani mpira upite wapi.

Siku ile ile ya mechi, Mama Nguchiro alitangulia bwawani. Akanywa, akanywa tena, akaikung'uta kanga yake matope, akaifua, akajifunga kiunoni kama watu.

Basi wanangu, kishindo hakifungi bao.