Kwa Nini Buibui Hushuka na Uzi Kisha Akapanda Tena

Zamani, kabla binadamu hajaanza kupanda vichuguu na kuinua mkono juu ati anatafuta mtandao, kazi ya kupeleka sauti ilikuwa ya Buibui. Ndiye aliyevuta nyuzi kutoka mlimani hadi bondeni, akaziingiza nyumba kwa nyumba, dukani, hata kwa mhunzi. Mwisho wa kila uzi alifunga kibuyu kilichokatwa. Ukisemea kibuyuni huku, unasikika kule. Sharti lilikuwa moja tu: uzi hupata moto kwa maneno, na yakizidi hukatika. "Semeni la maana kwanza," Buibui aliwaambia watu. Wakaitikia ndiyo, ndiyo. Ndiyo gani ile!

Bondeni aliishi mama mmoja, Nakiete. Binti yake, Nakunda, alikuwa ameolewa mlimani na mwana wa Mzee Kiangi, na amejifungua mtoto wa kwanza. Siku moja asubuhi alikuwa ashuke na mwanawe mgongoni, amlete kwa bibi yake aonwe. Nakiete alikwenda mtoni kuteka maji ya kumpikia uji mzazi, akakuta gogo la kuvukia limeoza katikati, limebaki ganda tu. Hata kuku akilikanyaga lisingemstahimili. Na chini maji yanaunguruma. Nakiete aliutupa mtungi, akakimbia nyumbani, akashika kibuyu.

"Mkwe..."

"Ooo, mkwe wangu!" Mzee Kiangi akapokea. "Habari za huko?"

"Nzuri, mkwe, lakini..."

"Watoto hawajambo?"

Na mkwe hakatizwi. Ndivyo walivyolelewa watu wale: mkwe akiuliza unajibu, nawe unauliza, hivyo hivyo mpaka aridhike mwenyewe. Nakiete akajibu ya watoto. Akajibu ya mbuzi, na ya yule mbuzi mwenye kwato mbovu, na ya migomba, na ya mguu wa shangazi. Jasho linamtoka. Alipopata upenyo akasema, "Basi, mkwe, nilichotaka kukuambia..." Uzi ukakatika.

Buibui akaja mbio, akaunga. "Mama, la maana kwanza!"

"Nitalisema, jamani!"

Lakini kabla hajafungua kinywa, mzee alikuwa ameshika kibuyu chake. "Tulikatika, mkwe. Tulikuwa kwenye mguu wa shangazi. Huku Nakunda ndiyo kwanza anambeleka mtoto mgongoni. Sasa huo uvimbe, umepungua?" Nakiete akajibu umepungua, kwa adabu kabisa, huku analia. Uzi ukakatika tena.

Buibui alirudi miguu yote minane ikitetemeka kwa hasira. "Nimebakiwa na uzi wa mara moja tu tumboni. Nikisikia tena habari za mbuzi, naacha kazi!"

Nakiete alifumba macho, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia mkwe. "Gogo limeoza!" alipiga kelele. "Mzuie Nakunda!"

Akasikia kibuyu kikianguka, na mzee akimwita mkamwana wake kwa sauti iliyopasuka. Nakiete alikaa chini sakafuni, kibuyu sikioni. Baada ya muda sauti ikarudi. "Nimemuwahi njiani, mkwe. Wako salama, yeye na mtoto."

"Asante, mkwe wangu. Asante."

"Lakini umeniumiza. Hata salamu, mkwe? Hata moja?"

Nakiete akaona haya. "Nisamehe. Habari za huko?"

"Nzuri. Na yule mbuzi?"

Buibui hakungoja jibu. Aliukata uzi kwa meno yake mwenyewe, akazikusanya nyuzi zote, akaondoka.

Na tangu siku hiyo Buibui hamuungii mtu uzi. Amehamia pembeni mwa dari, anajisukia mwenyewe. Binadamu wamesimika nguzo, wakavuta nyaya, wakajenga minara, na bado simu hukatika pale pale mtu anaposema, "Basi, nilichotaka kukuambia..." Ukiwa unaongea na simu ukamwona Buibui ananing'inia kwa uzi mmoja, ujue anashuka kusikiliza kama tumejifunza. Hufika usawa wa sikio lako, husikia "na mbuzi je?", hugeuka, akapanda zake.