Utafiti wa Fisi na Matango ya Sadaka

Mwaka ule mvua za vuli ziliupita uwanda wa Nyangoro kana kwamba hazijawahi kuujua. Mito ikakauka, visima vikabaki tope, na mwisho likasalia bwawa moja tu. Wanyama wakakubaliana watoe sadaka ya kuomba mvua, kila mmoja alete alichonacho. Na ni nani aliyeleta kingi kuliko wote? Fisi! Ndiyo, Fisi yuleyule anayemnyima hata mama yake mfupa. Alileta lundo la matango pori, akajipanga nalo kwenye njia ya bwawani, akawa anamgawia kila aliyepita kwenda kunywa maji. "Kuleni, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya kinyenyekevu, "Mungu atatusikia."

Kesho yake nusu ya uwanda ilikuwa vichakani, inaendesha. Fisi akawachagua wagonjwa aliowaona wamefika bwawani, akawapitia mmoja mmoja, uso wa huruma, akiuliza swali moja tu: "Jana ulikunywa maji ya bwawani?" Kila mgonjwa akajibu ndiyo. Fisi hakuuliza walikula nini, nao hawakutaja, maana nani atathubutu kuisema sadaka vibaya?

Saa sita mchana Kunguru, mtangazaji wa uwanda, alikuwa juu ya mti anapasua koo. "Utafiti umeonyesha! Utafiti umeonyesha! Wagonjwa kumi na wawili wameulizwa, na wote kumi na wawili walikunywa maji ya bwawa! Maji yana sumu!"

Fisi naye akaenda kwa Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Mfalme, nimeuita Utafiti wa Mfalme. Jina dogo lisingeufaa." Loo, Simba alivyovimba! Papo hapo akapiga marufuku mtu yeyote kunywa maji ya bwawa, hata yeye mwenyewe, na Fisi akamfanya mlinzi. Hicho ndicho Fisi alichokitaka. Wenzake wakidondoka kwa kiu, nyama ingekuwa yake, na maji ya kuiteremshia angekuwa nayo.

Siku ya tano Sungura alikuwa amejilaza kichakani anatafuna mzizi, akasikia mtoto wa jirani yake, Bi Digidigi, akilia. Hakikuwa kilio tena, kilikuwa kijisauti. Akanyanyuka kwenda kuangalia.

"Maziwa yamekata, jirani," Bi Digidigi alisema. "Nikinywa yale maji, sumu itampata mwanangu. Nisipokunywa, kesho kutwa sina mtoto."

Sungura, ambaye siku zote ana mzaha wa kumjibu kila mtu, safari hii akaketi kando ya mtoto. Alipotafakari, jambo moja likamkera: Fisi kagawa chakula. Fisi! Tangu lini?

"Jirani, huu utafiti mimi siuamini," akasema.

"Sasa sisi wadogo tutajua nini? Utafiti si mambo ya wakubwa?"

"Hebu niambie. Ukikuta jani usilolijua unafanyaje?"

"Nalionja kidogo, nangoja. Nikiwa mzima, kesho naongeza. Nikiumwa tumbo, najiuliza siku hiyo nilikula nini kingine."

"Basi ndiyo utafiti huo! Na umempita Fisi, maana yeye la 'nini kingine' hakuliuliza."

"Ala!" Bi Digidigi akatabasamu kwa shida. "Kumbe na mimi mtafiti?"

Sungura hapendi kutembea juani, na hilo analisema waziwazi. Lakini siku ile alizunguka uwanda mzima kwa miguu yake. Alimkuta Kobe, ambaye alifika bwawani matango yameshakwisha. Alikunywa maji, akalala fofofo, hakuumwa hata ukucha. Alimkuta Nyani, aliyekula matango matano njiani akageuka bila kufika bwawani, akagaragara siku mbili. Mmoja mmoja hawakumtosha. Akaendelea kuuliza mpaka akapata wanne waliokunywa bila kula, wote wazima, na sita waliokula bila kunywa, wote waliugua.

Asubuhi yake akasimama mbele ya Simba, wanyama wote wamekusanyika. Alijua vizuri kwamba kumwambia mfalme amekosea ni kuaga dunia.

"Mfalme," akaanza, "kuna mtu amekupa utafiti nusu. Mkubwa kama wewe, nusu ya nini? Mimi nimekuletea iliyobaki." Akaeleza yote, na Kobe na Nyani na wengine wakashuhudia.

"Uongo!" Fisi akafoka. "Matango hayana neno! Wanaionea wivu sadaka yangu!"

Simba akamtazama. "Hayana neno?"

"Hata kidogo, Mfalme."

"Basi kula."

Yakachumwa matango pori sita, yakaletwa. Fisi akacheka kicheko chake, lakini kilikuwa kikavu. Akala moja, akala la pili, machozi yanamlenga. La sita alilimeza huku amefumba macho. Kisha wote wakakaa kungoja. Jua lilipofika utosini, tumbo la Fisi likaanza kunguruma, akajikunja, akajibwaga chini.

"Si matango!" akapiga yowe. "Ni maji! Ni yale maji niliyokunywa alfajiri!"

Simba akainuka taratibu. "Alfajiri ya lini?"

"Ya leo, Mfalme. Na ya jana. Na..." Fisi akajiziba mdomo, lakini wapi!

"Siku tano unakunywa na hukuumwa," Sungura akasema. "Umekula matango leo, umeumwa leo. Ahsante, Bwana Fisi, sasa utafiti wetu umekamilika."

"Siku tano!" Simba akanguruma. "Siku tano mimi ulimi umenikauka kama gome, na wewe unakunywa!" Fisi hakungoja hukumu. Alitimka mbio, mkono tumboni, na kila alipopita alisimama vichakani, huku nyuma Simba anamfuata na wanyama wanamzomea. Nyangoro hakukanyaga tena.

Bi Digidigi hakubaki kutazama. Tangu Fisi alipotaja alfajiri alikuwa ameshashika njia, mtoto wake anajikokota nyuma, na Sungura alipowafikia akawa anamsukumasukuma mtoto kwa pua. Mama akanywa, akapumua, akanywa tena. Kwa saa nzima hapakuwa na kitu. Halafu mtoto akanyonya, akasita, akashikilia kwa nguvu, maziwa yakimvuja pembeni mwa mdomo. Sungura akageuza uso ili asionekane analia.

Ndugu yangu, mtu akikujia na utafiti wake, muulize ni nini hakukiuliza. Akikukasirikia, mwache hapo, nenda kanywe maji yako.