Wachanga wa Mabeseni Matatu

Hapo zamani za kale, siku ambazo ngiri walikuwa majumbe na pimbi waliishi katika nyumba zenye milango na vitasa, Bi Fuko ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia Mama Pimbi kwamba uyoga unaweza kuota ndani ya beseni. Alimwambia kwa kunong'ona, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa ya hatari.

Nchi ile ilikuwa ya Jumbe Ngiri, na sheria yake ilikuwa moja tu: kila kinachotoka ardhini ni mali ya Jumbe. Viazi vyake, karanga zake, uyoga wa mvua za kwanza wake. Aliyefukua hata kiazi kimoja aliletewa Nyati, askari wa Jumbe. Nyati hakuwa na maneno mengi. Akifika mlangoni alipumua tu, hufff, na sufuria zikatikisika jikoni.

Mama Pimbi alikuwa mdogo tena mwenye haya. Akisalimiwa njiani, alijibu huku anaangalia vidole vya miguu yake. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta chakula ng'ambo ya milima, hajarudi. Watoto wao watatu walikuwa wakila magome ya miti kiangazi kile. Yule mkubwa aliitwa Mashavu, kwa sababu alizaliwa na mashavu ya duara. Sasa mashavu yalikuwa yamekwisha, limebaki jina.

"Ndani ya beseni?" aliuliza Mama Pimbi. "Bila udongo?"

"Bila hata punje ya udongo."

Bi Fuko akamweleza. Achukue majani makavu ya mpunga, ayakatekate, ayachemshe vizuri, ayachuje, ayaache yapoe kabisa, maana ya moto yanaua mbegu. Kisha achanganye na mbegu, ashindilie kwenye beseni, afunike. Halafu akampa konzi moja ya mtama ulioshikana kwa nyuzi nyeupe kama pamba.

"Hii ndiyo mbegu, na sina nyingine," alisema. "Sasa nisikilize, mwanangu, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nawa mikono kabla ya kugusa. Usifunue. Usipumulie. Usiweke juani. Asiingie mtu wa nje na vumbi lake. Ukifunua kabla ya wakati, unaingia ukungu wa kijani, na hapo ni kumwaga jalalani."

"Kwa muda gani?"

"Arobaini."

Njia nzima Mama Pimbi aliyawaza masharti yale. Aliona kama aliwahi kuyasikia mahali, ila hakukumbuka wapi.

Alichemsha, akachuja, akapoza, akapanda. Mabeseni yalikuwa matatu. Akayapanga juu ya kitanda chake katika chumba cha ndani, akayafunika kwa kanga, akatundika pazia mlangoni. Yeye na watoto wakahamia mkekani.

Siku ya tatu, Jumbe Ngiri alipita akinusanusa, fnu, fnu, mkia juu kama mlingoti. Nyati alikuwa nyuma yake.

"Nyumba hii inanukia kitu kilichochemshwa," alisema Jumbe. "Kiangazi hiki, nani ana kitu cha kuchemsha?"

Mama Pimbi alisimama mlangoni. Nyuma yake watoto, waliokuwa na njaa tangu asubuhi, wakaanza kulia: nyee, nyee, nyee. Akaona haya, akaivuta kanga yake hadi mabegani, akainamisha macho.

Sasa Nyati alikuwa na dada saba, na dada zake wote walikuwa na watoto. Akamtazama mwanamke asiyetoka nje. Akalitazama pazia. Akasikiliza kilio, akakumbuka harufu ya maji ya moto. Akamvuta Jumbe bega.

"Turudi nyuma kidogo, Jumbe," alisema kwa sauti ya chini. "Humu mna mzazi."

"Umejifungua?" Jumbe akamuuliza Mama Pimbi.

Hapo ndipo Mama Pimbi alipokumbuka. Alikuwa ameyasikia masharti yale kwa mama yake mzazi, siku alipozaliwa Mashavu. Nawa mikono. Usifunue. Usitoe juani. Asiingie mtu wa nje na vumbi lake. Arobaini.

"Watatu, Jumbe," alijibu, akiwaambia vidole vyake vya miguu. "Wana siku tatu."

"Mbona hatukuliona tumbo?"

"Sisi mapimbi tumbo letu ni dogo, Jumbe. Hata tukishiba halionekani. Na siku hizi hatushibi."

Jumbe Ngiri akakohoa. Akasema basi aingie awaone. Mama Pimbi akamletea kata ya maji, akamwomba kwa adabu anawe kwanza. Jumbe akaitazama pua yake mwenyewe, yenye matope ya tangu mwaka juzi, akasema atakuja siku nyingine.

Lakini kwa mzazi haendi mtu mikono mitupu, sembuse jumbe. Kesho yake, kwa amri ya Jumbe, Nyati alileta kuni mzigo mzima na ndoo mbili za maji. Aliingia uani akinyata, na Nyati akinyata ni kama kabati linalohamishwa.

"Wanaendeleaje?" alinong'ona.

"Hawajambo, kaka. Wameanza kuwa weupe."

"Weupe? Pimbi?"

"Wamechukua kwa upande wa baba."

Nyati akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka kinyumenyume, asije akapumua upande wa pazia. Tangu siku hiyo alileta kuni na maji kila baada ya siku mbili, na majirani waliokuwa wakimwogopa walimwona akiwanyamazisha ndege juu ya paa.

Siku ya ishirini Jumbe alirudi. Alikuwa amesikia sifa zote zinakwenda kwa Nyati, zikamuuma. Akaketi uani, akasema amekuja kutoa jina.

"Yule mkubwa ataitwa Ngiri," alisema. "Jina langu mwenyewe."

"Jumbe hajamwona bado," alisema Mama Pimbi. "Pengine hatampenda."

"Nimemsikia anavyolia. Ile ni sauti ya kutawala."

Ilikuwa sauti ya Mashavu, aliyekuwa akilia gome la mti lililomkwama kooni. Jumbe akatoka, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba ana wajina wake kwa Mama Pimbi, na siku ya arobaini yeye mwenyewe atamtoa nje mbele ya watu wote.

Mama Pimbi hakucheka. Mwanzo alitaka kulilinda pazia tu. Sasa alijua siku ambayo pazia litafunguliwa, na nani atakuwa amesimama mbele yake. Uyoga ukichukuliwa siku hiyo, watoto wake hawakuwa na mti mwingine wa kubandua gome.

Zilipobaki siku chache, wakati wa kufunua alioambiwa na Bi Fuko ulipofika, alinawa mikono, akafunua mabeseni. Yote yalikuwa meupe tupu, hayana doa la kijani. Akayanyunyizia maji ya Nyati kwa ncha za vidole, asubuhi na jioni. Vikachomoza vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti, kesho yake kama vifungo, keshokutwa kama masikio ya mtoto. Mashavu akauliza kama anaweza kula kimoja. Mama yake akamwambia asubiri, huku akigeuza uso asimwone.

Siku ya arobaini walikuja wote. Jumbe Ngiri mbele, amenawa hadi nyuma ya masikio. Nyati kando yake, amebeba kigoda. Bi Fuko alikuwa mwisho kabisa, macho ameyafumba, kama kawaida yake.

"Mlete wajina wangu," alisema Jumbe.

Mama Pimbi akaingia ndani, akatoka na beseni moja limefunikwa kwa kanga. Akaliweka juu ya kigoda, akafunua.

Uyoga ulikuwa umejaa, umepandana, mweupe, na mmoja katikati ulikuwa mkubwa kuliko mwingine wote, mnene, umejikunja pembeni, na vinundu viwili juu.

Watu wakanyoosha shingo kutazama.

"Amechukua masikio ya Jumbe," alisema Nyati, ambaye alikuwa bado hajaelewa. Kisha akaelewa, akapeleka ulimi puani ili asicheke.

"Huu ni uyoga," alisema Jumbe polepole. "Na uyoga unatoka ardhini. Na kinachotoka ardhini ni changu."

Mama Pimbi aliviangalia vidole vyake vya miguu. Lakini pembeni alimwona Mashavu mlangoni, akapaona mahali palipokuwa na mashavu zamani, akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Huyu hajagusa ardhi tangu azaliwe, Jumbe," alisema. "Amelala kitandani siku zote arobaini. Maji ya kunyunyizia umemletea wewe. Kuni za chumba chake umetoa wewe. Jina umempa wewe, na nyumba zote zimesikia. Mimi ni mdogo, siwezi kukuzuia. Ukitaka kumla wajina wako mbele ya watu, kisu nimekinoa, kiko pale."

Jumbe Ngiri akakitazama kisu. Akawatazama watu. Kila mtu alikuwa ameziba mdomo wake kwa kitu: huyu kwa mkia, huyu kwa kanga, Bi Fuko kwa mikono yote miwili. Jumbe akaona kwamba akisema ametapeliwa, itabidi aeleze alivyoipa jina sahani ya mboga.

Akajikohoza mara tatu.

"Mtoto ana afya," alisema. "Na ijulikane tangu leo, wachanga waliozaliwa ndani ya nyumba si mazao."

Akageuka, mkia juu, akaenda zake. Kicheko alikisikia alipofika kwenye kona, naye akatembea haraka kama mtu aliyesahau moto jikoni.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayejitwalia kila kilicho nje huwafundisha wanyonge kupanda ndani.

Jioni ile Mama Pimbi alikata uyoga wa beseni moja, akauchemsha kwa chumvi. Watoto walikula hadi Mashavu akalala amekaa, kijiko mkononi.

Asubuhi iliyofuata alinawa mikono, akayavunjavunja majani ya lile beseni alilokwisha kulivuna, akayagawa konzi konzi pamoja na zile nyuzi nyeupe, ndizo mbegu. Konzi ya kwanza akamrudishia Bi Fuko. Kisha akawapa akina mama waliokuwa wamepanga foleni uani, mmoja mmoja, akiwaambia wanawe mikono, wasifunue, wasipumulie, wasiweke juani.

"Kwa muda gani?" waliuliza.

"Arobaini."

Jua lilipopanda, mapazia ya kanga yalikuwa yametundikwa katika nyumba kumi na moja. Nyati akaja na ndoo zake mbili, akasimama katikati ya njia, akayahesabu, akahema.

"Dada," alinong'ona, "leo nianzie kwa mzazi yupi?"

Mama Pimbi akamnyooshea kidole nyumba ya Bi Fuko, akimtazama machoni.