Fundo la Arobaini na Moja

Anayetaka kukohoa na akohoe sasa. Alikuwako Sultani Mahfudhi, mwenye enzi ya mji wa Tundwani, na ndani ya jumba lake mlikuwa na kisima kikavu, na ndani ya kisima mlikuwa na jini, na jini huyo alimwita binti wa Sultani, Mwana Rehani, kwa sauti ya mama yake marehemu, naye akaingia akishuka hewani kama ashukaye ngazi.

Shehe mmoja akasema, "Mwenye imani hapimi," akajitupa. Hakurudi. Wapimaji saba wakashuka kwa kamba, wakafika mwisho wake, miguu isiguse kitu, wakapandishwa. "Maulana, hakuna chini."

Sultani akamwita Sudi, mchimba visima. "Mlete, nikuoze. Usipomleta, nitakufukia humo humo."

"Kisima kisicho na chini utakifukia vipi, Maulana?"

Sudi akafunga mafundo arobaini, moja kwa kila pima, akateremsha kamba, akaipandisha, akahesabu. Arobaini na moja. Fundo la mwisho lilikuwa dogo, limekazwa kwa meno, kama wanawake wanavyofunga pembe ya leso. Akawaza: fundo halijifungi, chini kuna mkono. Wa nani, kamba haikusema.

Akashuka. Mwisho wa kamba akaning'inia gizani, na sauti ya mama yake marehemu ikamnong'oneza sikioni: "Sudi, mwanangu, rudi. Wenzako walikuwa na akili, walirudi."

"Mama hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita punda."

Hapo akili ikamfikisha ilipofika. Akasema bismillahi, akaachia.

Akaanguka dhiraa moja tu. Akakanyaga tasbihi, na mifupa.

"Umechelewa," akasema Mwana Rehani. "Kamba nane zimewahi kuning'inia juu ya kichwa changu, zote nimezifunga fundo. Wewe ndiye wa kwanza kuhesabu."

Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwenye jiwe, lile alilolipanda kila kamba iliposhuka. Sudi akazinyoa zote kwa kisu, akambeba mabegani, akapanda jiwe, akaishika kamba, na jini akalia kwa sauti za mama wawili kwa pamoja, hata walipotoka juani.

Sultani akawaoza, akawapa nusu ya hazina. Makadhi wakasema kilichomtoa ni imani, wapimaji wakasema ni kamba. Mwana Rehani, kipara chake kiking'aa, akawaambia: "Asiye na kamba ni mifupa kule chini. Nanyi wenye kamba mko hai, na mngeniacha nioze."

Kisima kikafukiwa, kamba ikatiwa sandukuni. Na kila mwaka Sudi aliitoa akaihesabu, na kila mwaka alifungua fundo moja ambalo hakulifunga yeye wala mkewe.

Asiyeamini, akahesabu.