Mgawaji na Picha ya Binti Yake

Mwanamke mmoja alikuwa na mkono ulioaminiwa na watu. Jina lake Nakunda. Kila palipokuwa na msiba au harusi katika kata yake ya milimani, yeye ndiye aliyekabidhiwa upawa. Nyama iwe nyingi au iwe ya kubahatisha, Nakunda aliigawa na watu waliondoka bila kunung'unika. Njia yake haikuwa ngumu kuielewa. Watu wake mwenyewe aliwapa mwisho. Binti yake, Elinipa, tangu utotoni alizoea kusubiri na sahani mpaka mstari uishe, na akifika mbele alikuta ukoko na mchuzi mtupu. Watu waliona, wakasema, "Huyu hapendelei hata aliyemzaa." Nakunda aliyasikia maneno hayo, na yalimshibisha kuliko chakula.

Mwaka mmoja yalitangazwa mashindano ya kuchora kwa shule zote za kata. Kila mwanafunzi wa darasa la mwisho angechora mtu anayemwona kila siku. Mshindi angekuwa mmoja tu, naye angepelekwa mkoani kwa likizo nzima, akae kwenye karakana ya wachoraji na kufundishwa kazi. Waliopita pale walikuwa wakichukuliwa moja kwa moja kuendelea na masomo hayo. Kwa mtoto wa milimani, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili. Elinipa alikuwa darasa la mwisho, na alikuwa akichora tangu alipojua kushika kipande cha mkaa.

Afisa elimu wa kata, Bwana Mkwizu, aliwaita wazazi. Akawaambia kwamba mashindano yaliyotangulia yaliharibika. Walimu waliwachorea wanafunzi wao. Wazazi walimalizia picha nyumbani. Za shule ya mbali zilifika zimelowa mvua, zikawekwa kando bila kutazamwa. Na aliyeshinda alikuwa mtoto wa mkubwa fulani, ambaye hakuwahi kuonekana na penseli. "Safari hii," akasema, "nitafutieni mtu wa kuzikusanya na kuziamua bila upendeleo."

Watu wote wakageuka kumtazama Nakunda.

"Mimi nina mtoto humo," akasema Nakunda.

Wakacheka. "Ndiyo maana tunakutaka, mama Elinipa! Wa kwako si ameshazoea ukoko?"

Nakunda naye akacheka. Akakubali.

Kazi ya kukusanya aliifanya vizuri. Karatasi za shule zote zilikatwa kutoka bunda moja, na kila mtoto alipewa penseli ya aina moja, ili picha isipendwe kwa sababu ya rangi zilizonunuliwa mjini. Watoto walichora asubuhi moja, kila shule ikisimamiwa na mwalimu wa shule nyingine. Hakuna karatasi iliyokwenda nyumbani. Jina la mchoraji liliandikwa nyuma, na juu yake kikabandikwa kipande cha karatasi kwa uji mzito. Picha zilitiwa kwenye mifuko, na midomo ya mifuko ikashonwa kwa uzi. Kwenye shule ya juu, ambako gari halifiki, Nakunda alipanda mwenyewe kwa miguu, akaziteremsha zikiwa zimefungwa ndani ya nailoni. Kisha alizimwaga zote kwenye sakafu ya ukumbi na kuzichanganya, hata ikawa haijulikani ipi ilitoka wapi. Mpaka hapo hakukosea kitu.

Waamuzi walikuwa watatu. Pamoja na Nakunda alikuwepo Mwalimu Kiangi, aliyefundisha sanaa, na Mbwambo, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Walizitazama picha kwa utulivu, wakipunguza kidogo kidogo. Ndipo Nakunda alipoinua karatasi moja, na mkono wake ukasita.

Ilikuwa picha ya mwanamke aliyeinamia sufuria kubwa, upawa mkononi, amechorwa kwa nyuma. Kanga yake ilikuwa imefungwa kwa fundo la pembeni. Bega lake moja lilikuwa chini kidogo kuliko jingine. Aliyechora alikuwa amesimama mbali, mwisho wa mstari uliozunguka mpaka nyuma ya mwanamke yule, kwa hiyo mbele yake zilionekana sahani nyingi zimenyooshwa, na yeye alizigeukia zote. Ni mchoraji peke yake aliyepewa mgongo.

Majina yote yalikuwa yamefunikwa. Lakini Nakunda alilijua fundo lile, maana hulifunga kila asubuhi. Na alijua ni nani husimama mwisho wa mstari.

Pale alikuwa na la kufanya. Angeweza kuiweka karatasi chini na kusema, "Hii naijua, niondoeni." Hakusema. Aliwaza kwamba akisema, wenzake wataipendelea ili kumfurahisha, au watu watadai amewakonyeza. Basi akaipitisha kama alivyozipitisha nyingine.

Mwishoni zilibaki mbili za kugombewa, na moja ilikuwa hiyo. Nyingine ilikuwa ya daktari aliyevaa koti jeupe, amesimama wima, mistari yake safi, hana kasoro. Alifanana sana na daktari wa kwenye bango la chanjo.

"Mimi sina la kujadili," akasema Mbwambo. "Mtoto huyu kesho aje dukani kwangu aanze kazi. Tazama hiyo kola!"

"Kola naiona," akajibu Mwalimu Kiangi. "Mtu simwoni. Daktari huyu hajawahi kumgusa mgonjwa. Mimi namtaka huyu mama wa sufuria. Nikimtazama nasikia njaa."

"Njaa umekuja nayo kutoka nyumbani, mwalimu."

"Haya, cheka. Lakini jiulize huyu aliyechora alikuwa amesimama wapi."

Mbwambo hakujiuliza. Wote wawili wakamgeukia Nakunda, maana kura yake ndiyo iliyobaki.

Nakunda alijua ipi ni bora. Alijua kama anavyojua chumvi ikizidi. Akasema, "Mama huyu hana uso. Tuliwaambia wachore mtu, na mtu ni uso. Mimi nampa daktari."

Ilikuwa sababu nzuri kusikika, na yeye mwenyewe hakuiamini.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa. Bwana Mkwizu alibandua karatasi za nyuma mbele ya watu wote. Daktari alikuwa wa mvulana wa shule ya barabarani, na mama yake alirukaruka kwa furaha. Kisha afisa akabandua ile iliyoshindwa kwa kura moja, akasoma jina, akalisoma tena. Elinipa, binti Nakunda.

Vigelegele vikapasuka ukumbini. Watu walisimama kumpigia makofi Nakunda, na wakamsahau hata mvulana mshindi. "Mwamuzi ni huyu!" walisema. "Amemkata mwanawe mbele ya macho yetu!" Mwalimu Kiangi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akiitazama picha.

Nakunda alirudi nyumbani akisalimiwa njia nzima. Alimkuta Elinipa jikoni, anachambua maharage. Msichana hakuwa analia.

"Mama, uliijua?"

"Niliijua."

"Ilikuwa mbaya?"

Nakunda alisukuma kuni ndani, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. "Haikuwa mbaya."

"Walisema imekosa kura moja. Ni yako?"

"Ni yangu. Ningekupa wewe watu wangesemaje, mwanangu?"

Elinipa aliendelea na maharage yake. Alipomaliza alisema, bila kupaza sauti, "Chakula ulikuwa unanipa cha mwisho, nakula, nanyamaza. Lakini hii haikuwa yako, mama. Umegawa cha kwangu ukasifiwa wewe."

Nakunda aliyachukua maharage, akayabandika motoni. Maneno hayo aliyarudia moyoni wakati wa kula na wakati wa kuosha vyombo. Aliwahi kuwaza kwamba kumpendelea mtoto ndiyo njia pekee ya kupotosha hukumu. Sasa aliona kwamba mzani ukibonyezwa upande wowote umeshabonyezwa, na mkono wake uliobonyeza ulikuwa umetafuta kitu kama mikono ya wengine wote. Wengine walitafuta ushindi wa watoto wao. Yeye alitafuta vigelegele.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Bwana Mkwizu, akamweleza yote.

Afisa alishika kichwa. "Mama Elinipa, unajua watakavyosema?"

"Najua."

"Watasema umeona mwanao amekosa, roho imekuuma."

"Waseme. Wewe ondoa kura yangu. Niliijua ile picha, na nilisema nisichokiamini. Hukumu yenye kura hiyo ndani yake haifai."

Bwana Mkwizu alikasirika, kwa sababu ilikuwa kazi mara mbili, lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba ikiwa ni kuondoa, basi zitatazamwa upya picha zote, wala si hizo mbili tu, na waamuzi watatoka wilaya nyingine, watu wasiomjua mtoto wala mzazi hata mmoja. Na Nakunda atasimama mbele ya wazazi aseme mwenyewe.

Alisimama. Hakurefusha. Waliompigia makofi walitazamana, kisha mmoja akacheka, na wengine wakafuata.

"Kumbe damu ni damu!"

"Tulimsifu mapema."

"Leo ukoko umemkwama kooni!"

Mama wa yule mvulana hakucheka. Alikuja mpaka mbele na kusimama karibu na Nakunda. "Mwanangu ameshawaaga wenzake," akasema. "Unampa mtoto kitu mkononi, halafu unarudi kumnyang'anya? Si bora ungemnyima tangu mwanzo?" Alichosema kilikuwa kweli, na Nakunda alimwambia hivyo, lakini mama yule hakutaka kusikia, wala hamsalimii mpaka leo.

Majina yalifunikwa upya. Waamuzi wageni waliingia ukumbini, mlango ukafungwa. Nakunda aliketi nje kwenye ngazi pamoja na wazazi wengine, na hakuna aliyemsogelea.

Walipotoka, picha waliyoichagua haikuwa ya daktari, wala haikuwa ya mwanamke wa sufuria. Ilikuwa ya mzee mmoja anayenyoa ndevu kwa kutumia kipande cha kioo alichokitundika kwenye mgomba. Ameinua kidevu, ameushika wembe kwa vidole viwili, na katika kioo kile kidogo linaonekana jicho lake moja tu, linajitazama. Ilitoka shule ya juu, ambako gari halifiki. Waamuzi wa kwanza walikuwa wameiweka kando mapema, kabla ya kuanza kuvutana juu ya zile mbili. Picha ya Elinipa ilitajwa miongoni mwa zilizo nzuri, basi.

Watu walitawanyika wakisema Nakunda amepoteza vyote, na hata alichokililia hakukipata. Naye alishuka njia peke yake akiwaza hivyohivyo. Alikuwa ameharibu jina lake, amemliza mtoto wa mwenzake, na binti yake atabaki nyumbani likizo nzima.

Elinipa hakutoka pamoja naye. Alibaki ukumbini mbele ya picha ya yule mzee, akaitazama kwa muda mrefu, akaisogelea na kurudi nyuma. Kisha alimkimbilia mama yake njiani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeona ule mkono wenye wembe?" akauliza.

"Sikuuangalia."

"Vidole vyake vinaishika kazi. Vya kwenye picha yangu vimeshika upawa kama fimbo tu." Akafuta pua kwa mkono. "Leo nimeshindwa, mama. Siku ile sikushindwa. Nilitolewa."

Walipofika nyumbani alimwambia mama yake aketi kizingitini na ashike kijiko, atulie, asigeuke. Nakunda alikuwa na kazi nyingi, lakini aliketi. Na msichana akaanza kuvichora vidole vyake, akifuta, akirudia.

Siku moja mwanamke huyu alipigiwa vigelegele, na siku nyingine alichekwa. Ninyi mliokabidhiwa vya watoto wa watu, na wa kwenu wakiwa humohumo, niambieni: ni siku ipi kati ya hizo mikono yake ilikuwa safi?